Maswali ya Wasomaji: Koloni Zinazokataa Kupungua na Mengine ya Maabara

Barua za safari hii karibu zote zimetoka kwa wanafunzi wa biolojia na sayansi za tiba, kuanzia wa mwaka wa kwanza hadi wanaoandika mradi wa mwisho. Moja imetoka kwa mzazi. Tunaanza na yake kwa sababu uamuzi anaouulizia ni mgumu kuurudia ukishafanywa.

Ndugu wahariri, salaam. Binti yangu amepata nafasi ya kusoma shahada ya sayansi za tiba, na ndugu zake wameshaanza kumwita daktari. Je, atatibu wagonjwa? Na masomo hayo yana tofauti gani na biolojia tuliyoizoea? *Mama wa mwanafunzi*

Mama, hongera kwa binti. Kwa shahada hiyo peke yake hatatibu wala hataandika dawa. Udaktari ni shahada nyingine, yenye mafunzo yake ya wodini na usajili wake. Sayansi za tiba humfundisha mtu jinsi mwili unavyofanya kazi ukiwa mzima na jinsi unavyoharibika ukiugua: fiziolojia, biokemia, jenetikia, kinga ya mwili, vimelea, damu na tishu. Biolojia ni uwanja mpana zaidi, humo mna mimea, wanyama, mazingira na mabadiliko ya viumbe kwa vizazi na vizazi. Mwaka wa kwanza kozi hizi hufanana sana, ndiyo maana watu huzichanganya.

Kabla hajathibitisha nafasi, aulize kitu kimoja kwa maandishi: shahada hii inatambuliwa na baraza linalosajili wataalamu wa maabara za tiba katika nchi anayotaka kufanyia kazi? Zipo shahada zenye majina yanayokaribiana mno. Moja humwandaa mtu kupima sampuli za wagonjwa, ina mafunzo ya vitendo hospitalini, na mhitimu husajiliwa. Nyingine huelekea kwenye utafiti au viwanda vya dawa, na mhitimu wake akitaka kazi ya kupima wagonjwa huenda akarudishwa darasani. Jina la shahada halitoshi kuzitofautisha. Aombe orodha ya masomo ya miaka yote na aangalie wiki za mafunzo hospitalini zimeandikwa wapi, au hazimo kabisa.

Na kemia asiiache nyuma. Wengi huja wakiwa hodari wa kuchora seli, halafu hesabu za moli zikawatoa jasho tangu wiki ya pili.

Tulifanya zoezi la kuhesabu bakteria kwa kuzimua mara kumi kumi, mililita 1 ndani ya mililita 9. Sahani ya 10⁻⁴ (iliyozimuliwa mara elfu kumi) ilitoa koloni 190, yaani madoa ya bakteria walioota, ya 10⁻⁵ ikatoa 41, ya 10⁻⁶ ikatoa 17. Mhadhiri aliandika tu "tazama mkono wako". Kosa liko wapi? *Mwaka wa kwanza*

Mhadhiri wako ameliona kosa kwenye namba zenyewe, na wewe pia unaweza kuliona. Kutoka 190 ulitakiwa kushuka hadi karibu 19, kisha 2. Wewe umeshuka mara 4.6, kisha mara 2.4. Ingekuwa pipeti inapima vibaya tu, upungufu ungekuwa mbaya kwa kiasi kilekile kila hatua, tuseme mara nane na tena mara nane. Wako unazidi kufifia kadiri unavyosogea mbele. Hiyo ni alama ya bakteria waliobebwa kutoka neli za mwanzo. Karibu hakika ulitumia ncha moja ya pipeti kuanzia neli ya kwanza hadi ya mwisho.

Watu hudharau tone linalobaki kwenye ncha. Tulipime. Chukua mikrolita 1 tu ya kioevu asilia, kiasi ambacho jicho halikioni vizuri, kikidondoka kwenye neli ya sita yenye mililita 10. Mikrolita 1 ndani ya mililita 10 ni mzimuo wa 10⁻⁴. Neli hiyo ilitakiwa iwe 10⁻⁶. Kwa hiyo mikrolita hiyo moja imeleta bakteria mara 100 ya wote uliowatarajia humo. Kwa bahati ncha husuuzika kidogo katika kila neli, la sivyo sahani zako tatu zingelingana.

Basi ncha mpya kwa kila hatua, bila huruma. Tikisa kila neli kwa mashine ya voteksi sekunde 5 hadi 10 kabla ya kuchota, kwa sababu bakteria hushikana na kuzama, na ukichota juu juu unapata maji tu. Kisha mkono wenyewe. Kitufe cha pipeti kina vituo viwili. Bonyeza hadi kituo cha kwanza ukiwa nje ya kioevu, zamisha ncha milimita 2 au 3, achia polepole, subiri sekunde moja, toa ncha ukiigusisha ukutani mwa neli. Kutoa kioevu ndiko kunakofika hadi kituo cha pili. Anayebonyeza hadi kituo cha pili kabla ya kuvuta huchota zaidi ya alichopima, na hatajua, kwa sababu namba kwenye pipeti inabaki ileile. Anayezamisha ncha nusu nzima hubeba kioevu kwa nje. Anayeachia kitufe ghafla huvuta hewa, na kioevu kikiruka juu hadi ndani ya pipeti, pipeti imechafuka na inahitaji kufunguliwa isafishwe.

Jipime mwenyewe kwenye mizani kabla ya zoezi lijalo. Weka chombo kidogo, rudisha mizani sifuri, dondosha mikrolita 1,000 za maji yaliyosafishwa. Kwa nyuzi 20 za Selsiasi ni gramu 0.998. Rudia mara kumi. Namba zikitawanyika huku na huku, tatizo ni mkono. Zikikaa pamoja lakini zote ziko 0.95, tatizo ni pipeti, mpelekee fundi sanifu wa maabara.

Kuhusu hesabu ya mwisho: tumia sahani yenye koloni 30 hadi 300 peke yake. Chini ya hapo bahati inatawala, juu ya hapo koloni zinabanana na kuungana. Tuseme umerudia ukapata 84 kwenye sahani ya 10⁻⁵, na ulipaka mililita 0.1. Ni 84 ÷ (0.1 × 10⁻⁵), yaani 8.4 × 10⁷ kwa kila mililita. Wanaosahau ile 0.1 hupoteza mara kumi nzima hapo hapo, wakiwa wamefanya kila kitu kingine sawasawa.

Kila nikipaka rangi ya Gram, ile inayogawa bakteria kuwa zambarau au nyekundu, Staphylococcus aureus yangu inatoka nyekundu kama E. coli badala ya zambarau. Rangi ni zilezile wanazotumia wenzangu. *Mwaka wa pili, mikrobiolojia*

Angalia mambo mawili: muda wa alkoholi na umri wa bakteria. Kristali vayoleti sekunde 60, iodini sekunde 60, safranini sekunde 60. Hatua hizo husamehe. Alkoholi haisamehi. Inamisha slaidi, dondosha tone baada ya tone, macho yako yakiwa kwenye kioevu kinachochuruzika. Kikianza kutoka bila zambarau, suuza kwa maji papo hapo. Kwa kawaida ni sekunde 10 hadi 15. Ukienda kuchukua kalamu wakati alkoholi iko juu ya slaidi, umeshachelewa.

Sababu iko kwenye ukuta wa seli. S. aureus ina ukuta mnene wa peptidoglaikani ambao alkoholi huukausha na kuubana, mchanganyiko wa rangi na iodini ukanaswa ndani. E. coli ina ukuta mwembamba na utando wa nje wa mafuta; alkoholi huuyeyusha utando huo, rangi ikatoka. Lakini hata ukuta mnene una kikomo cha uvumilivu. Na bakteria wazee, waliokaa kwenye agari (jeli ya kukuzia bakteria) zaidi ya saa 24, kuta zao zimeanza kuchakaa. Hao huwa wekundu hata kwa mkono mzuri. Panda upya jioni, paka rangi asubuhi.

Kila slaidi yako iwe na madoa matatu: S. aureus unayoijua, E. coli unayoijua, na katikati sampuli unayoichunguza. Mawili ya pembeni yakitoka sawa, la kati unaweza kuliamini. Na kama siku moja vyote vitatoka zambarau, umepaka doa zito. Doa zuri ukiliweka juu ya maandishi unayasoma.

Nimekariri glikolisisi, ule mlolongo wa seli kuvunja glukosi, mara tano. Mtihani ukija nakumbuka majina manne tu. Kuna njia? *Mwaka wa pili, biokemia*

Ipo. Acha kuikariri kama orodha ya majina kumi, ianze kama hesabu ya kaboni. Glukosi ina kaboni 6. Mwisho wa safari kuna pairuveti mbili zenye kaboni 3 kila moja. Kwa hiyo mahali fulani katikati ile sita lazima ikatwe mara mbili; ni hatua ya 4, na kimeng'enya chake ni aldolase. Kabla ya kukatwa seli inalipa: ATP 2 (ATP ni sarafu ya nishati ya seli). Baada ya kukatwa inavuna: ATP 4 na NADH 2 (NADH ni kibeba elektroni). Faida halisi ni ATP 2. Ukishika mifupa hii, nyama ina pa kukaa.

Halafu weka milango mitatu isiyorudi nyuma: heksokinase hatua ya 1, fosfofruktokinase hatua ya 3, pairuveti kinase hatua ya 10. Hatua nyingine saba zinaweza kwenda mbele au kurudi. Seli ikitaka kuzuia mto, haihangaiki na hatua zote. Inafunga milango hiyo. ATP ikijaa, fosfofruktokinase inazubaa. AMP, mabaki ya ATP iliyotumika, ikiongezeka, inaamka.

Sasa funga kitabu, chukua karatasi tupu, ichore yote. Utakwama. Pale ulipokwama tia alama, fungua, soma hapo tu, funga. Rudia kesho, kisha baada ya siku tatu, kisha baada ya wiki. Kusoma tena na tena ukurasa ulio wazi hukupa hisia ya kujua bila kujua kwenyewe, na karatasi tupu ndiyo inayokwambia ukweli.

Lakini kinachoifanya ikae kichwani miaka yote ni kuuliza kila kimeng'enya: hiki kikifa, nini kinajaa nyuma yake na nini kinakosekana mbele? Seli nyekundu za damu hazina mitokondria. ATP yao yote inatoka kwenye mto huu. Mtu aliyezaliwa na upungufu wa pairuveti kinase, seli zake nyekundu hukosa nishati ya kulinda utando wao, hufa kabla ya wakati, naye hupata anemia. Umeijua hatua ya 10 na hutaisahau.

Mfano mwingine uko kwenye trei ya kila maabara ya hospitali: ile neli ya kifuniko cha kijivu. Ndani yake mna floraidi, pamoja na oksaleti ya kuzuia damu isigande. Damu ikitolewa mwilini, seli zake haziachi kula. Katika neli ya kawaida, kwenye joto la chumba, glukosi hushuka kwa takriban asilimia 5 hadi 7 kila saa. Mgonjwa mwenye milimoli 5.5 kwa lita akichelewa kupimwa saa tatu anaweza kusomeka 4.6, na mwenye kisukari cha mwanzo akaambiwa yu mzima. Floraidi huzuia enolase, kimeng'enya cha hatua ya 9.

Tazama vizuri hapo: hatua ya 9, si ya 1. Floraidi ikifunga lango la karibu na mwisho, hatua za mwanzo zinaendelea kula glukosi kwa muda, mpaka ATP ya kuzilipia iishe. Ndiyo maana hata kwenye neli ya kijivu glukosi hushuka kidogo katika saa ya kwanza au mbili kabla ya kutulia, na ndiyo maana sampuli nzuri huwekwa kwenye barafu na plazma yake kutenganishwa mapema. Mwanafunzi anayejua mpangilio wa hatua kumi angeweza kulibashiri jambo hilo akiwa amekaa kwenye kiti. Kwa hili tunasema wazi: biokemia ni somo tamu kuliko sifa yake.

Je, naruhusiwa kuandika matokeo kwenye karatasi kwanza, halafu ninakili vizuri kwenye daftari jioni?

Hapana. Daftari lenye kurasa zilizoshonwa, wino, tarehe, na unaandika hapo hapo unapofanya. Kosa likatwe kwa mstari mmoja, liendelee kusomeka. Ukinakili jioni utanakili kile unachodhani kilitokea. Andika pia namba ya toleo la kila kemikali iliyo kwenye chupa; jaribio likigoma mwezi ujao, mara nyingi jibu liko kwenye chupa iliyobadilishwa.

Mwongozo unasema tuzungushe sampuli kwa 1,500 g dakika 10. Mashine yetu inaonyesha mizunguko kwa dakika tu. Rafiki yangu alisema weka 4,000 na sampuli ikaharibika.

Huenda rafiki yako aliitoa namba hiyo kwenye mashine nyingine. Hiyo g si gramu; ni nguvu ya mzunguko ikilinganishwa na mvuto wa dunia, nayo kwa mizunguko ileile inategemea urefu wa mkono wa mashine. Kanuni ni hii: g = 1.118 × 10⁻⁵ × r × N², ambapo r ni sentimita kutoka katikati ya mhimili hadi kwenye tako la neli ikiwa imelala kama inavyokuwa inapozunguka, na N ni mizunguko kwa dakika. Mashine yenye r ya sentimita 15 inahitaji mizunguko 3,000 hivi. Yenye r ya sentimita 8 inahitaji 4,100. Ile 4,000 ikiwekwa kwenye ya sentimita 15 inatoa karibu 2,700 g. Kwenye ripoti andika g daima, mwenzako wa mbali hana mashine yako. Na neli zinazokabiliana zilingane kwa uzito kwenye mizani, si kwa kutazama usawa wa kioevu: mililita 5 za damu ni nzito kuliko mililita 5 za maji.

Kwenye mradi wangu nimeweka dawa kwenye visima 6 vya seli (vijishimo vya sahani ya maabara) na visima 6 bila dawa, vyote kutoka flaski moja. Msimamizi anasema sina n ya 6. Sasa ninayo ngapi? *Mwaka wa mwisho*

Unayo 1, kwa kuwa n ni idadi ya marudio yanayojitegemea, na pole kwa kuipata habari hii ukiwa umeshachoka. Visima sita vya flaski moja, siku moja, mkono mmoja, vinakuambia jinsi unavyopipeti kwa uthabiti. Havikuambii kama dawa itafanya hivyo tena kwa seli nyingine. Ukiviingiza kwenye jaribio la t (kipimo cha takwimu cha kulinganisha makundi mawili) kama sita, kosa dogo la siku hiyo linageuka "matokeo yenye uhakika".

Unachohitaji ni kurudia jaribio zima angalau mara tatu, kila mara kwa flaski tofauti, siku tofauti, dawa iliyozimuliwa upya. Visima vitatu kwa kila kundi vinatosha kila siku. Chukua wastani wake, na huo wastani mmoja ndio unaoingia kwenye takwimu. Usiache kundi la dawa safu ya pembeni mwa sahani na kundi lisilo na dawa katikati. Visima vya pembeni hukauka haraka, na ukolezi wa kila kitu ndani yake hupanda. Vijaze maji safi ya chumvi, tumia vya ndani tu. Kwenye grafu onyesha nukta zote tatu pamoja na mkengeuko sanifu. Wengi hupendelea kosa sanifu la wastani kwa kuwa mistari yake ni mifupi na inapendeza, ilhali msomaji alitaka kujua matokeo yametawanyika kiasi gani.

Wiki mbili za ziada zinatosha kuliokoa hili kama flaski zako ziko tayari. Zungumza na msimamizi leo, kabla hajasoma rasimu.

Neli yangu ya maji matupu kwenye PCR (mbinu ya kunakili kipande cha DNA mara nyingi) inatoa bendi, yaani mstari wa DNA kwenye jeli, kama sampuli. Nimefuta meza kwa alkoholi kila siku na bado. *Mwaka wa mwisho, jenetikia*

Alkoholi inaua vijidudu. DNA yenyewe haiharibu, inaigandisha tu mezani. Futa kwa haipokloraiti ya sodiamu ya asilimia 0.5 iliyozimuliwa siku hiyo hiyo, iache dakika 10, kisha futa kwa maji, kwani mabaki yake huharibu kimeng'enya chako.

Kwanza lakini tazama bendi iko wapi. Ikiwa ni ukungu hafifu chini ya jozi-besi 100, hizo ni praima (vipande vifupi vya DNA vinavyoanzisha unakili) zilizoshikana zenyewe. Punguza praima au pandisha joto la kushikana kwa nyuzi 2 au 3. Ikiwa iko sawasawa na urefu wa kipande chako, ni uchafu, na chanzo kinachotokea zaidi ni bidhaa ya PCR yako mwenyewe ya wiki iliyopita. Kila mzunguko huzidisha kipande karibu mara mbili, na mizunguko 30 ni zaidi ya mara bilioni kwa nadharia. Ukifungua neli hiyo karibu na praima zako, vumbi la tone moja linatosha.

Tafuta chupa yenye kosa kwa kubadilisha kitu kimoja kimoja: siku ya kwanza maji mapya, kila kingine kilekile. Bendi ikibaki, bafa mpya. Kisha praima, kisha kimeng'enya. Ukibadilisha vyote kwa pamoja utaipoteza bendi bila kujua ilitoka wapi, na itarudi. Ukishaipata, mwaga chupa hiyo, gawa mpya kwenye neli ndogo za matumizi ya siku moja moja, na pipeti inayogusa jeli isirudi tena kwenye meza ya kuchanganyia.